Asubuhi Moja Darajani: Kununua Viungo, Mkeka na Kofia kwa Kujua

Swali: Mimi na mama mkwe wangu tunaishi Dodoma, na mwezi ujao tutakuwa Unguja kwa siku chache. Tumepanga asubuhi moja twende soko la Darajani tununue viungo, mkeka wa ukili na kofia ya baba mkwe, na tule chakula cha wenyeji. Tumeambiwa kwamba mgeni hupandishiwa bei na kuuziwa vitu bandia. Tutajuaje kilicho kizuri, na tutapatanaje bei bila kuwakosea adabu wauzaji?

Jibu: Dada yangu, uliyoambiwa yana ukweli kiasi, lakini tiba yake haimo katika ukali wala katika kubishana. Bei ya Darajani, kama ya soko lolote lenye wenyeji na wageni wengi, hupanda mbele ya mnunuzi asiyeijua bidhaa na hushuka mbele ya anayeijua. Muuzaji hahitaji kuambiwa kwamba unajua, kwa sababu huona mwenyewe jinsi unavyoishika iliki, unavyougeuza mkeka upande wa chini na unavyouliza bidhaa imetoka wapi kabla ya kuuliza bei. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye bidhaa zenyewe, kisha nije kwenye kupatana.

Kwanza ni saa ya kwenda. Fikeni mapema, saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, wakati wenyeji wanapofanya manunuzi ya chakula cha mchana na kabla jua halijawa kali. Soko hili, ambalo jengo lake la zamani lilijengwa mwaka 1904 kwenye ukingo wa Mji Mkongwe, ni la watu wa mji kabla ya kuwa la watalii, na sura yake ya kweli huonekana saa hizo. Siku ya Ijumaa shughuli hupungua kadiri sala ya adhuhuri inavyokaribia. Ikiwa safari yenu itaangukia mwezi wa Ramadhani, msile wala kunywa hadharani mchana, na makusudio yenu ya chakula yahamishieni jioni baada ya futari. Vaeni nguo za heshima zinazofunika mabega na magoti. Mama mkwe wako akijitanda kanga yake itamfaa kabisa. Chukueni noti ndogo ndogo, kwa kuwa muuzaji wa asubuhi mara nyingi hana chenji. Chukueni pia kikapu, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar kwa miaka mingi, kama ilivyopigwa marufuku bara tangu tarehe 1 Juni 2019.

Mtakapokaribia, huenda kijana akajitolea kuwaongoza. Hawa wanaitwa papasi, na wengi wao si watu wabaya, lakini anayewapeleka kwenye meza fulani hulipwa na mwenye meza, na malipo hayo huingizwa katika bei yenu. Mshukuruni kwa upole, mwambieni mnapajua mnapokwenda, na mwendelee.

Sasa viungo. Kanuni ya kwanza ni kununua vizima na kuvisaga nyumbani. Kiungo kilichosagwa hupoteza harufu haraka, na ndicho kinachochanganywa kwa urahisi: unga wa karafuu huweza kutiwa makonyo, yaani vile vikonyo vinavyotengwa na karafuu baada ya kuchumwa, ambavyo vina harufu lakini hafifu, na unga wa manjano huweza kutiwa unga mwingine na rangi. Kanuni ya pili ni kuviacha vile vikapu vidogo vilivyopambwa na kufungwa kwa karatasi ya kung'aa, vyenye viungo kumi kidogo kidogo ndani. Vinapendeza kama zawadi ya mezani, lakini hamjui vimekaa rafuni muda gani, na ukipiga hesabu ya uzito utakuta umelipa zaidi kikapu kuliko kiungo. Tafuteni muuzaji mwenye magunia au makopo yaliyo wazi, anayemhudumia mama wa mji aliyetumwa na jiko lake.

Karafuu ndiyo itakayowafundisha kutumia vidole. Iliyo njema ina shina lake na kichwa chake cha mviringo bado vimeshikana, rangi yake ni ya kahawia inayoelekea wekundu, na ukiibinya kwenye shina kwa ukucha huacha unyevu wa mafuta na harufu inayopanda puani papo hapo. Iliyovunjika vichwa imekorogwa sana au imekaa muda mrefu. Yenye weupe weupe ilinyeshewa wakati wa kuanikwa, na haitapata tena nguvu yake. Mkirudi mlikofikia, tieni chache katika glasi ya maji: karafuu yenye mafuta yake huzama au husimama wima kichwa kikiwa juu, na iliyokwisha kukamuliwa mafuta huelea imelala. Muulizeni muuzaji kama ni ya Pemba. Huko ndiko inakotoka sehemu kubwa ya karafuu zetu tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na muuzaji anayejua bidhaa yake atakujibu kwa maelezo marefu kuliko ulivyotarajia.

Hapa naomba msome kwa makini. Karafuu kavu hununuliwa kutoka kwa mkulima na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, pekee, na kusafirisha karafuu nje ya utaratibu huo ni magendo mbele ya sheria. Pakiti ndogo ya matumizi ya jikoni, yenye lebo, haina tatizo. Lakini mtu akiwaambia kwamba anazo kilo kadhaa kwa bei ya chini nyumbani kwa nduguye, msimfuate.

Mdalasini wetu una gome jembamba lililojikunja tabaka juu ya tabaka, na huvunjika kwa vidole bila taabu. Kipande kinene, kigumu, chenye mkunjo mmoja tu ni cha mti wa jamii nyingine, kikali na chenye utamu mdogo. Kwa supu kinafaa, lakini msikilipie bei ya mdalasini mwembamba. Kungumanga inunueni nzima na, mkiweza, ikiwa bado ndani ya ganda lake: itikiseni, ikigonga ndani imekauka sawasawa. Chunguzeni kama ina vitobo vya wadudu. Ule wavu mwekundu unaozunguka ganda hilo ndio basibasi, na mama mkwe wako akipika pilau ya harusi ataushukuru. Pilipili manga iwe nzito kiganjani na yenye mikunjo. Mbegu kavu za papai, ambazo wakati mwingine huchanganywa humo, ni nyepesi, zina umbo la yai na huelea majini. Manjano ichukueni mizizi mikavu, ambayo ikivunjwa huonyesha rangi ya chungwa iliyokolea hadi katikati.

Kuhusu iliki nitasema jambo ambalo wauzaji wenzangu wa Unguja hawatalipenda. Iliki nyingi mnayoikuta hapa imetoka bara, kwenye milima kama Usambara na Uluguru, na nyinyi mnaoishi Dodoma mnaweza kuipata huko huko bara. Msivuke bahari kuja kuifuata. Mkiitaka tu kwa sababu mmeipenda, chagueni yenye ganda la kijani lililofunga, mfungue moja, na mbegu ziwe nyeusi na zenye kunatanata.

Zafarani ni habari nyingine. Hailimwi Zanzibar, ya kweli huletwa kutoka nchi kama Iran na Uhispania, ni ghali, na huuzwa kwa gramu. Pakiti kubwa ya nyuzi nyekundu inayouzwa kwa bei ya pilipili ni maua makavu ya mmea mwingine, yanayotoa rangi bila ladha. Jaribio lake ni rahisi: uzi wa zafarani ya kweli ukitiwa kwenye maji ya uvuguvugu hutoa rangi ya manjano polepole na wenyewe hubaki mwekundu, lakini wa bandia humwaga rangi mara moja na kubaki mweupe. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mwacheni na pakiti yake.

Tuje kwenye mkeka, ambao napenda muupe muda mrefu kuliko vyote, kwa kuwa ndio ununuzi utakaodumu nyumbani kwenu. Mkeka mzuri wa Unguja na Pemba hufumwa kwa majani ya mkindu. Wanawake huyachana kwa upana mmoja, huyaanika, huyachemsha na rangi, kisha husuka ukanda mrefu unaoitwa ukili, na baada ya hapo ukili huo hushonwa ubavu kwa ubavu hadi upatikane upana unaotakiwa. Kazi hiyo huchukua majuma, ikifanywa kati ya shamba, jiko na watoto, na ndiyo sababu siwezi kumsikiliza kwa utulivu mtu anayesema mkeka ni ghali. Majani ya mwaa, ambayo ni mapana na magumu zaidi, hutengenezwa majamvi, vikapu na mikoba. Ni bidhaa nzuri kwa kazi yake, lakini mtu asikuuzie jamvi kwa bei ya mkeka wa ukindu.

Uinueni mkeka na kuutazama dhidi ya mwanga. Suko liwe limebana, na mishono kati ya ukili na ukili isionyeshe mianya. Ugeuzeni: upande wa chini wa mkeka uliofumwa kwa uangalifu unakaribia kufanana na wa juu, na ncha za majani zimefichwa badala ya kukatwa tu na kuachwa zikichoma. Piteni vidole kwenye pindo lote, maana mfumaji aliyechoka hujulikana kwenye pindo. Lowesheni kitambaa cheupe kidogo na mkisugue kwenye jani jekundu au la zambarau: rangi ikihamia kwenye kitambaa itahamia pia kwenye kanzu ya mtu atakayeukalia. Unuseni pia. Harufu ya nyasi kavu ni njema, na harufu ya ukungu inaonyesha kwamba ulikunjwa ukiwa mbichi. Kisha ulizeni ulifumwa kijiji gani. Muuzaji ambaye ameununua moja kwa moja kwa mfumaji atakutajia, na baadhi yao watakuambia ni kazi ya mama yao au shangazi yao.

Katika meza hizo hizo mtaona kawa za kufunikia chakula, misala ya kuswalia na vipepeo, vyote vya ukili, na karibu yake huwa kuna vyombo vya jikoni: vifumbu vya kuchujia tui, pawa za vifuu, mbuzi za kukunia nazi. Mkimpenda mtu anayepika, mleteeni mbuzi. Meno ya chuma yawe yamekazwa vizuri kwenye mti, na kiti kikikunjuliwa kisiyumbe. Mama mkwe wako akikalie palepale dukani ajaribu, wala hakuna atakayemshangaa.

Kofia ya baba mkwe inataka maandalizi kabla hamjaondoka nyumbani. Mpimeni mzunguko wa kichwa kwa uzi, kwenye paji la uso juu kidogo ya masikio, mkate uzi huo na mje nao, kwa sababu kofia ya kushonwa kwa mkono haivutiki na ikikosewa kwa upana wa kidole haivaliki. Kofia ya viua ya mkono ni ya vitambaa viwili vilivyoshikizwa pamoja, kisha mshonaji hutoboa vitobo vidogo sana na kukizungushia uzi kimoja kimoja hadi ua litokee. Igeuzeni ndani nje. Ya mashine ina uzi unaokimbia mfululizo upande wa ndani, vitobo vyote vimelingana bila tofauti yoyote, au havikutobolewa kabisa bali vimechorwa kwa uzi tu. Ya mkono, ukiinyanyua dhidi ya mwanga, hupitisha mwanga katika kila kitobo, na macho yakizoea utaona tofauti ndogo ndogo za mkono wa mtu. Zote mbili zina watu wake. Ya mashine ni ya kila siku, na si kosa kuinunua. Kosa ni kuilipia bei ya kazi ya majuma mengi. Ombeni ya mkono kwa kuitaja hivyo, na mkiona muuzaji anaitoa sandukuni badala ya kuichukua kwenye mnyororo wa nje, mmefika pazuri.

Baadhi ya vitu mtakavyoonyeshwa si vya hapa. Vinyago vya Kimakonde asili yake ni kusini ya Tanzania na Msumbiji, na picha za Tingatinga zilianzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968. Kwa kuwa mtapitia Dar es Salaam, vinyago vinunueni Mwenge ambako mafundi wenyewe wapo. Mkivutiwa na kinyago hapa hata hivyo, kumbukeni kwamba mpingo ni mzito hata huzama majini, na mti mwepesi uliopakwa rangi nyeusi huacha alama kwenye kitambaa chenye maji. Msinunue kitu chochote cha magamba ya kasa, wala matumbawe na makombe makubwa ya baharini. Kasa analindwa na sheria, na kila anayenunua bangili ya gamba lake anamwagiza mtu akavue mwingine.

Kuhusu kupatana, anzeni na salamu kamili. Mtu mzima mwambieni shikamoo, kijana mwulizeni hali, na msubiri jibu. Aliyeingia na swali la bei kabla ya salamu amekwisha kujitambulisha kuwa mgeni. Ulizeni habari za bidhaa, ishikeni, kisha ulizeni bei. Kwa viungo, ulizeni bei ya uzito mmoja, tuseme gramu 100, kwenye meza tatu tofauti kabla ya kununua, kwa sababu pakiti hazilingani na jicho hudanganyika. Mkishajua bei ya kati, mtapatana kwa utulivu: "Mwisho kiasi gani?" ni swali la kawaida na halimuudhi mtu. Ukitaja bei mwenyewe na muuzaji akaikubali, umekwisha nunua. Kuondoka hapo ndiko kukosa adabu kwenyewe. Kwa hiyo msitaje bei ya kitu msichokihitaji.

Kwa mkeka na kofia ya mkono, ombeni punguzo la kiasi na mridhike. Kwa vitu vidogo, fungu la ndimu au la pilipili mbichi la bibi aliyekaa chini na bidhaa zake, msipatane kabisa. Ombeni nyongeza. Atawaongezea ndimu mbili kwa furaha, na hatajiona amekandamizwa. Mkinunua vitu kadhaa kwa muuzaji mmoja, punguzo huja lenyewe, na ndiyo njia ninayoipendekeza: mkishampata mwenye viungo vizuri, mnunue vyote kwake. Picha msipige kabla ya kuomba ruhusa, na akikataa mwanamke, msimwombe mara ya pili.

Chakula cha asubuhi mtakipata humo humo pembezoni mwa soko: chai ya maziwa ya iliki na tangawizi, vitumbua vinavyotoka kikaangoni, mkate wa kumimina, chapati na supu. Kaeni palipojaa watu, kwa kuwa chungu kinachokwisha haraka hakina kiporo. Urojo ungojeeni mchana au alasiri. Ni mchuzi mzito wa manjano wenye ukali wa embe mbichi au ukwaju, unaomiminwa juu ya viazi, bajia na kachori, ukatiwa yai la kuchemsha, mishikaki, chatne ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo zilizosagika juu yake, na unaliwa ukiwa moto kabla chipsi hazijalowa. Mwambieni muuzaji pilipili kidogo. Kidogo cha Unguja kitawatosha. Jioni mwende Forodhani, bustani ya ufukweni iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ambako baada ya magharibi meza za vyakula huwashwa taa. Hapo ulizeni bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa juu ya mkaa, chagueni kinachochomwa mbele ya macho yenu badala ya kilichopangwa mezani tangu mapema, na mnywe maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi.

Mtakapofunga safari, halua, hasa mkipata ya Wete kisiwani Pemba, ichukueni siku ya mwisho. Ina samli na sukari ya kutosha kuhimili safari, lakini iwe imefungwa vizuri, isije ikapaka kofia mafuta. Kofia isikunjwe, ndani yake jazeni nguo laini ili ishike umbo lake. Viungo vikifika nyumbani vihamishieni kwenye chupa za kioo zenye vifuniko vinavyobana, mbali na jua na joto la jiko. Mkeka usafirishwe umeviringishwa, na msiukunje hata kama nafasi ni ndogo, kwa sababu jani la mkindu likishavunjika halirudi. Hali ya hewa ya Dodoma ni kavu kuliko ya kwetu, kwa hiyo kabla ya kuutandaza mara ya kwanza, ufuteni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo pande zote mbili na muuache kivulini hadi ukauke, kisha mrudie hivyo kila mara jani linapoanza kulia mtu anapoukalia.